Kamera 61 sebuleni, na mke wangu anasema yeye ni mgeni

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na mtoto mmoja wa miezi kumi ambaye ameanza kutambaa. Tangu nikiwa sekondari nakusanya kamera za zamani, zile za filamu. Leo ninazo 61. Nina pia postikadi zinazokaribia 400, na sarafu chache nilizoachiwa na babu.

Tulikotoka kamera zilikuwa na chumba chao, nikifunga mlango hazimsumbui mtu. Mwaka jana tulihamia fleti ya vyumba viwili. Kimoja chetu, kimoja cha mtoto, na kamera zikaja sebuleni. Nilinunua kabati la vioo, likajaa siku hiyohiyo. Nikapigilia rafu mbili juu ya kochi, nazo zikajaa. Sasa ziko mpaka juu ya friji, na nyingine nimezipanga kwenye ukingo wa dirisha.

Wiki tatu zilizopita mke wangu alitaka kutundika picha ya marehemu mama yake sebuleni. Alizunguka na picha mkononi, akatazama ukuta mmoja baada ya mwingine, halafu akairudisha chumbani. Hakusema neno. Usiku nilipomwuliza akanijibu, "Humu ndani mimi ni mgeni wa kamera zako." Anti, neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

La pili ni hili. Juzi nilishusha fremu ya postikadi iliyokuwa mkabala na dirisha ili niifute vumbi. Nilipoitoa ndani ya fremu nikaona pembeni ukanda mwembamba, ule uliokuwa umefichwa na ubao, bado una buluu iliyokolea. Katikati bahari yote imekuwa kijivu. Imekaa pale miezi 14 tu.

Na la mwisho, wageni wakija wanaangalia, wanasema, "Una vitu vingi," basi, wanakaa. Hakuna anayeuliza swali. Mimi nikiitazama kamera moja naona mikono iliyoishika, naona harusi na watoto waliopigwa picha nayo. Wao hawaoni.

Rafiki yangu mmoja ananiambia niuze zote nipumue. Mwingine anasema mke atazoea. Nifanyeje?

Mwenye Kamera Nyingi

* * *

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mkeo anapozunguka na picha ya mama yake mkononi. Tuanzie hapo. Unaweza kupanga kamera zako kuliko makumbusho yoyote, lakini picha ile ikibaki chumbani, hujafanya kitu.

Kwa hiyo kabla hujagusa rafu hata moja, mpe mkeo ukuta. Sisemi nafasi itakayobaki baada ya wewe kumaliza. Nasema yeye achague wa kwanza, hata akichagua ule unaoupenda wewe. Kama kuna kamera pale, zitoe wewe mwenyewe, tena mbele yake. Na akianza kutundika usimwambie fremu gani wala kimo gani mpaka akuulize. Rafiki yako anayesema atazoea hajui anachosema. Mtu anaweza kuzoea kelele za barabarani, lakini kufiwa na mama na kukosa mahali pa kuweka sura yake si jambo la kuzoea.

Huyo wa pili, anayetaka uuze zote, naye simuungi mkono. Zaidi ya miaka 20 ya kutafuta, kufungua, kusafisha na kujifunza haitupwi kwa sababu ya kuhama nyumba. Shida yako si wingi wa kamera. Ni kwamba zote 61 zinataka kuonekana kwa wakati mmoja, na wewe umezikubalia.

Utaniambia wapo waliojaza nyumba na wakaishi kwa raha. Ni kweli. Huko New York walikuwepo Herbert na Dorothy Vogel, mume mfanyakazi wa posta, mke mkutubi. Mshahara wa mke ulilisha nyumba, wa mume ulinunua kazi za sanaa. Katika maisha yao walikusanya zaidi ya 4,000, wakiishi nazo kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala, nyingine zikiwa chini ya kitanda, na mwaka 1992 walikubaliana zihamie National Gallery of Art kule Washington. Nawapenda sana wale wawili. Ila angalia vizuri: wote wawili walikuwa wakusanyaji. Walikwenda pamoja kuchagua, na kila kilichoingia mlangoni kiliingia kwa ridhaa ya wote. Mkeo hakuoa kamera, mwanangu. Aliolewa na wewe.

Kaeni chini mkubaliane kamera zitakuwa wapi na wapi hazitafika. Kwa fleti yenu mimi ningeomba ukuta mmoja wa sebule na rafu moja ya korido, basi. Juu ya friji ni jikoni, waachie wapishi. Ukingo wa dirisha nitaurudia, kwa sababu pale kuna hatari ambayo nadhani hukuifikiria.

Sasa wageni. Hawaoni kwa sababu hujawaonyesha. Jicho likikutana na vitu 61 vinavyofanana linahesabu, na likishahesabu limemaliza kazi yake; ndiyo maana wanakuambia una vitu vingi. Katika nyumba za jadi za Japani kuna kishubaka kiitwacho tokonoma. Hutundikwa humo mchoro mmoja, pengine na chombo cha maua chini yake, na majira yakibadilika mchoro hukunjwa, ukatolewa mwingine. Familia inaweza kuwa na michoro mingi sandukuni, lakini mgeni huona mmoja na huutazama kwelikweli. Mimi nina birika 19 za kauri na zinazoonekana nyumbani kwangu ni tatu. Nikizibadilisha, hata watu wa humu ndani wanasimama kuzitazama kana kwamba nimezinunua jana.

Chagua kamera kati ya tisa na 12. Nyingine zipumzike, na kila baada ya miezi mitatu ubadilishe. Usichague kwa thamani, wala usizipange kwa ukubwa kama sufuria. Tafuta uzi mmoja unaoziunganisha, uzi ambao mtu asiyejua lolote kuhusu kamera anaweza kuushika. Kama ningekuwa wewe ningeanza na jinsi zinavyoshikwa. Brownie ya Kodak, aina iliyoanza kutoka mwaka 1900, nyingi ni boksi tu: unaishika kiunoni, unainamisha kichwa na kutazama kidirisha kidogo cha juu. Rolleiflex ya lenzi mbili ya mwaka 1929 nayo inatazamwa kutoka juu. Leica iliyotoka mwaka 1925 yenyewe inapandishwa hadi jichoni. Halafu inakuja Polaroid SX-70 ya mwaka 1972, ambayo inakunjwa ikawa bapa kama kitabu, na picha inatokea palepale mkononi. Si lazima uwe na hizi hasa. Katika 61 hukosi za kiunoni na za jichoni.

Basi zipange kwa miili ya watu. Zile za kiunoni ziweke kwenye rafu ya chini kidogo, kama mita moja hivi kutoka sakafuni, vifuniko vya juu vikiwa wazi, ili mgeni akiinama aone sebule yenu ndani ya kile kioo kidogo, kulia kukiwa kushoto. Zile za jichoni zipande kwenye rafu ya pili, sentimita 145 hadi 150, usawa wa macho ya watu wazima wengi. Na juu ya kamera mbili au tatu tundika picha uliyoipiga wewe kwa kamera hiyohiyo. Kama una filamu, mpige mkeo na mtoto, na picha hizo ndizo ziwe za kwanza kutundikwa. Yale unayosema unayaona peke yako, harusi na watoto, wageni watayaona hapo bila wewe kufungua mdomo.

Katika kupanga, kati ya kamera na kamera acha nafasi inayotosha kamera nyingine. Itakuuma mwanzoni, mkono utataka kujaza. Ndiyo maana nakushauri rafu isizidi kina cha sentimita 20; ya sentimita 30 itakushawishi uweke safu ya pili nyuma, na baada ya mwezi tumerudi tulikotoka. Moja au mbili ziinue kwa kipande cha mbao ili vichwa visiwe mstari mmoja kama gwaride. Na kwa kuwa kamera nyingi ni nyeusi na fedha, ukuta wa nyuma ukipakwa rangi iliyokolea kidogo, kijani cha majani mazito au buluu ya usiku, ile fedha itang'aa na nyeusi itatulia. Lakini hilo la rangi mwulize mwenye nyumba mwenzako.

Umeandika kwamba rafu za juu ya kochi "umezipigilia". Kama ni misumari, zishushe wiki hii, nakusihi. Kamera ya chuma na lenzi yake inaweza kukaribia kilo moja. Ukiweka 20 kwenye rafu moja umeweka kilo 15 hadi 20, uzito wa mtoto wa miaka minne au mitano, juu ya kochi ambalo mtoto wako analalia. Rafu ya mzigo inataka skrubu zilizoingia ndani ya ukuta na vishikio vyake, na pimamaji juu yake. Kabati la vioo nalo lifungwe ukutani kwa juu, kwa vyuma vya pembe, na vitu vizito vishuke chini. Mtoto anayetambaa leo atasimama baada ya wiki chache, na atakachoshika ili asimame ni hilo kabati. Na betri! Fungua kila kamera utoe betri. Zikivuja zinakula vyuma vya ndani, lakini kubwa kuliko hilo ni zile za duara kama kitufe: mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu.

Turudi dirishani, kwenye bahari yako iliyogeuka kijivu. Mwanga haurudishi unachochukua. Rangi ikishapauka imekwenda, na kila saa ya mwanga inaongezwa juu ya iliyopita, hakuna kupumzika ikapona. Makumbusho mengi huweka karatasi na vitambaa kwenye mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu, kama chumba chenye taa moja ya kivuli. Piga hesabu: luksi 50 kwa saa nane kila siku, mwaka mzima, ni luksi-saa 146,000. Jua kali la mchana lina luksi zinazofikia 100,000. Maana yake, kile ambacho postikadi ingekipata makumbusho kwa mwaka mmoja, jua likiipiga moja kwa moja linaimaliza kwa saa moja na nusu. Wewe umeiacha miezi 14.

Kwa hiyo postikadi halisi zisikae ukuta wowote unaoguswa na jua. Korido yenu, ambayo nadhani ni giza kidogo, ndiyo mahali pake. Ukitaka kitu mkabala na dirisha, skani postikadi, chapisha nakala nzuri, hata uikuze mara tatu, uitundike hiyo. Ikipauka unachapisha nyingine. Zile halisi zishikwe kwa vipembe vya karatasi, kamwe si kwa selotepu wala gundi, zikiwa na kadibodi isiyo na asidi nyuma na ukingo wa kadibodi mbele ili uso usigusane na kioo. Kioo cha kuzuia mionzi ya UV kinasaidia, lakini hakiondoi madhara ya mwanga wote, kwa hiyo usikitumie kama ruhusa.

Na 400 utazionyeshaje? Kule London ipo nyumba ya John Soane, msanifu majengo, ambayo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1833 imehifadhiwa kama alivyoiacha. Ina chumba kidogo cha picha ambacho kuta zake ni milango: unavuta ubao wenye bawaba uliojaa picha, na nyuma yake kuna picha nyingine. Nakupa mfano huo kwa sababu Soane alikuwa na tatizo lako, vitu vingi na kuta chache, akalitatua kwa kuvificha vingine nyuma ya vingine badala ya kuvibandika vyote usoni. Kwako inatosha fremu tatu zinazofunguka kwa mbele, kila moja ikibeba postikadi nne. Jumamosi moja kila mwezi fungua, toa 12, weka 12. Kwa 400 ulizonazo itakuchukua karibu miaka mitatu kabla ya kurudia.

Kamera zenyewe haziogopi mwanga kama karatasi, isipokuwa hizo ulizozipanga dirishani. Lenzi inakusanya jua mahali pamoja, kama kioo cha kukuzia kinavyochoma jani. Katika kamera za zamani zisizo na kioo cha ndani, zile ambazo pazia lake ni la kitambaa na liko nyuma ya lenzi moja kwa moja, jua linaweza kutoboa tundu kwenye pazia hilo. Kwa nje huoni kitu. Utagundua siku ya kusafisha filamu, picha zote zina doa la mwanga.

Adui mwingine ni unyevu. Lenzi huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na zikikaa muda zinakwangua rangi ya kinga isiweze kusafishika. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 55 ni salama, na kipima unyevu ni kijidude kidogo tu, kiweke ndani ya kabati. Kabati lenyewe lisizibe kabisa, liwe na upenyo nyuma hewa ipite, na kama utaweka taa za LED, ule mtambo wake unaopata joto ubaki nje. Zile 50 zitakazopumzika zitoe kwenye vipochi vya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kamera. Zifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, kwenye masanduku yenye mfuniko na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na kila sanduku liwe na namba na daftari lake. Usiache shata, yaani lile pazia la kamera, ikiwa imevutwa. Siku ya kubadilisha, kabla hujaifunga kamera, ivute na kuiachia mara kadhaa kwa kasi zote ili vyuma visigande. Ni kazi ya jioni moja, na ninavyokusoma, utaifurahia kuliko kununua.

Katika kufunga utakutana na tatu nne ambazo ukizishika husikii chochote, ulizichukua kwa sababu zilipatikana tu. Hizo uza au mpe kijana anayeanza. Lakini uamue zikiwa mkononi, moja moja, si kwa sababu rafiki kakuambia.

Sarafu za babu zisisafishwe, zisisuguliwe, na kama ziko kwenye kurasa za plastiki laini yenye harufu kali zitoe, kwa sababu plastiki hiyo, iitwayo PVC, hutoa utando wa kijani unaokula chuma. Zishike kwa kingo. Tatu zitoshe kwenye fremu ndogo ya korido, jina la babu likiandikwa chini yake.

Basi leo usiku toa zile za dirishani, kabla jua halijapanda tena. Kesho mwulize mama mtoto ni ukuta upi, kisha ukae kimya umsubiri ajibu. Ukishaujua, niandikie uniambie.

Anti yako